Mashua Isiyo na Mtu

Mashua ilifika katikati ya ziwa, ikageuka yenyewe, ikaanza kurudi. Ndani hamkuwa na mtu. Ukingoni, mzee Byabato alivua kofia, kama mbele ya jeneza.

Elpidius, fundi redio wa Nkwenda, alipoona kofia inavuliwa aliingiwa na hofu. Mzee huyu ndiye baba wa Joviana, mchumba wake, na harusi ilikuwa Jumamosi. Posa ilikataliwa mara mbili kabla ya kukubaliwa, na kwa mwezi mzima Kaisho, kijiji cha mzee, ilikuwa ikinong'ona kwamba fundi ni mchawi, ana mashua inayoendeshwa na wafu.

Joviana alimsihi asimweleze baba yake lolote. Mzee hajauliza, basi naye asijibu. Elpidius hakusikia la mtu. Alikuwa muumini, na hakutaka kusimama altareni jina likinuka. Alimjibu kwamba penye ukweli uongo hujitenga.

Basi akaiopoa mashua yake ndogo aliyoiunda mwenyewe, akafungua kifuniko. Akamwonyesha mzee betri za tochi, na mota aliyoing'oa kwenye redio kaseti mbovu iliyorudi na askari baada ya vita. Akamwonyesha sumaku inayoning'inia kwenye uzi: mashua ikipotea njia, sumaku inagusa waya, usukani unairudisha. Kinachoigeuza ni saa ya mezani tu, mshale ukifika kwenye msumari. Siku moja, alisema, mashua kama hii zitapeleka nyavu Ziwa Viktoria, na hakuna mvuvi atakayezama tena. Alieleza kwa raha, mpaka akasahau kuogopa.

Mzee alichungulia kwa muda mrefu. "Na chini ya betri, mkwe wangu, kuna nini?"

"Ubao, baba."

"Hakuna hata unyoya wa kuku?"

"Hata unyoya. Mtu yeyote akifundishwa ataiunda."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, baba."

Elpidius alishusha pumzi. Mzigo wa mwezi mzima ulikuwa umemtoka.

Mzee Byabato alivaa kofia yake, akaiweka sawa. Akasema kwamba tangu akubali posa, kahawa yake inalala uani bila mlinzi, na wezi wa Kaisho wakifika kwenye boma lake wanazunguka mbali.

"Binti yangu nilimpa mchawi," alisema. "Fundi redio alishajibiwa, mara mbili."