Mashine Isiyouzwa

Kabula hakuwa na wakili, hakuwa na nyumba yake, hakuwa na ng'ombe hata mmoja, na asubuhi hiyo hakuwa tena na subira.

Mumewe alisimama uani kwa kaka yake Kabula, kijijini Mwamapalala, akipepea karatasi ya kodi. Biashara zilipoachiwa huria alinunua mashine ya kusaga, akaikatia leseni kwa jina la mkewe ili afisa kodi asimwone tajiri. Sasa kodi imekuja kwa jina hilohilo.

"Talaka utadai, sijakataa," alisema. "Ila kwanza weka sahihi tuuze mashine. Bila hivyo deni ni lako, mayu, mama yangu."

"Msikilize, dada," kaka akadakia. "Ng'ombe za mahari yako nimeshaolea. Ukidai talaka leo, wakwe zako wakazidai kabla sijauza pamba, nitarudisha nini? Mke wangu?"

Kabula alitazama mikono ya mumewe. Ilikuwa laini. Mkono wake yeye ulikuwa na kovu la mkanda wa mashine, kutoka kidole gumba hadi kifundo cha mkono.

"Nikidai baada ya kuuza, mahakama itatugawia nini? Pumba?"

"Lakini kodi..." mumewe akaanza.

"Kodi nitalipa mimi, kwa jina langu, na risiti nitamwonyesha hakimu ajue nina haki kwenye mashine."

Akamnyang'anya karatasi. Kisha akaingia ndani, akatoka na barua ya kudai talaka, ya kwenda baraza la usuluhishi wa ndoa la kata, mlango wa kwanza kabla ya mahakama. Akalamba bahasha, akaibandika kwa kiganja, akamkabidhi kaka yake.

"Panda baiskeli. Ipeleke sasa hivi."