Mkono wa Dereva

Bi Zamda aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, akajitanda kanga vizuri, ndipo akakaa. Kamera iliyofungwa juu ya nguzo katika mji wa mbali ilimwonyesha barabara mubashara, magari na watu na makoti yao. Tramu, lile gari la reli linalopita katikati ya barabara, ilikata kona ikasimama kwenye taa nyekundu. Dereva akainua mkono.

"Marahaba, mwanangu," aliitikia Bi Zamda, kama kila siku.

Ndivyo alivyoagana na mwanawe Mbaruku, alipopata kazi ya kuendesha tramu huko: "Mama, nikifika mbele ya kamera nitainua mkono. Hiyo ndiyo shikamoo yangu."

"Hodi!"

Mlangoni alisimama Mbaruku mwenyewe, begi begani, amekonda. "Shikamoo, mama."

Bi Zamda alimtazama, akaitazama simu, akamtazama tena. "Wewe si umepita hapa sasa hivi?"

"Kazi waliniachisha zamani, mama. Niliona haya kukwambia."

"Na huyu anayeniamkia kila siku?"

Mbaruku aliinama, akaikodolea macho simu.

"Simjui," alisema. "Wallahi, mama, simjui."

Kisha akainuka, akingoja shikamoo yake iitikiwe. Kwenye simu, taa ilikuwa bado nyekundu, na mkono wa yule dereva ulikuwa bado juu. Bi Zamda alifungua mdomo, asijue amgeukie nani.