Njia Inayoanzia Kinywani

"Na hii barabara inaanzia ku kinywa?" Komanda Gustave aliuliza, akiigeuza karatasi juu chini, kisha chini juu.

"Ndiyo, Komanda," msichana alijibu. "Chakula yote inaanziaka pale."

Vijana watatu wenye bunduki wakacheka. Komanda hakucheka. Tangu alfajiri alikuwa ameketi kwenye bariyeri yake, kamba iliyofungwa toka mti hadi mti juu ya njia inayoteremka kutoka Ngungu kuelekea misitu ya Walikale. Kila mfuko uliopita hapo aliupekua kwa mikono yake mwenyewe, na watu walimkabidhi bila ubishi. Mwenye nguvu mpishe.

Alikuwa anatafuta ramani. Mtu fulani alikuwa amemnong'oneza kwamba mzee Callixte, kabla malaria haijamwangusha kitandani, alichora mahali alipoficha ng'ombe wake, na kwamba ramani hiyo ingepita hapa leo. Komanda alikuwa na wiki tatu za maharage tumboni. Aliwataka ng'ombe hao kwa moyo wake wote, na vijana wake waliwataka zaidi.

Sasa karatasi hii, iliyotoka katikati ya daftari la biolojia, ilikuwa na njia. Tena njia ndefu.

"Jina yako nani?"

"Carmel. Niko naenda ku examen ya biolojia. Mukikamata ile karatasi, nitaanguka."

"Examen inaanza sasa hivi. Mi njo mwalimu." Komanda akachukua kijiti. "Hii ya kushuka iko nini?"

"Umio. Inashusha chakula."

"Na ule mufuko?"

"Tumbo."

"Hii kubwa pembeni, sawa kilima?"

"Ini. Na kale kafichwa chini yake iko nyongo. Huku nyuma iko kongosho."

Komanda akaitikia kwa kichwa polepole. Vijana wake hawakujua, wala hakuwahi kuwaambia, kwamba aliwahi kukaa dawati la mbele miaka mitatu, akiota kuwa muuguzi, kabla vita havijamfundisha kazi nyingine. Majina hayo yalimrudia moja moja, na aliyafurahia kweli. Alisogeza kiti.

"Hii yenye inajizungusha-zungusha?"

"Utumbo mwembamba. Iko ndefu kuliko muntu tatu wakisimama mumoja juu ya mwengine."

"Ndiyo!" Komanda akapiga goti. "Na inaingia mu utumbo mukubwa. Pale." Kijiti kilishuka, kikasimama. "Na haka kanjia? Kanaingia, hakatokei. Nani anachoraka njia yenye haitokei?"

Vijana waliacha kucheka. Mmoja akasogea.

"Njo apandisi, Komanda, kale ka kidole tumbo."

"Uongo!" Alipandisha shati lake hadi kifuani na kuonyesha kovu. "Yangu walinikata huku, kuume. We umeweka kushoto! Hii iko ramani!"

Carmel aliinyoshea karatasi kidole.

"Muntu wa ku karatasi anakuangalia, Komanda. Sawa vile mi nakuangalia. Kuume yake iko ku kushoto yako."

Komanda alifikiri. Kisha akaibandika karatasi kwenye tumbo lake, picha ikiwatazama vijana, akainama kuchungulia. Apandisi ilikaa juu ya kovu barabara.

"Munaona?" aliwafokea vijana wake, kana kwamba wao ndio waliobisha. "Masomo si muchezo!"

Hata hivyo hakumaliza. Mwalimu mzuri hamalizi haraka.

"Na hizi vitu tisa, hapa ku mulango ya apandisi?"

"Minyoo."

"Na haka kadogo, kamesimama karibu na ule munyoo wa mwisho?"

"Mutoto yake."

Komanda alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Hapo njo umekosa, dada! Munyoo inaweka mayai, na mayai inatokaka inje kwanza. Haiwezi kulea mutoto mule mu tumbo!" Akaomba kalamu. Juu ya karatasi akaandika 18/20, akatia sahihi yenye mikia mirefu. "Mbili nimekata juu ya ile mutoto. Kule ku examen usirudilie."

"Aksanti, Mwalimu," Carmel alisema.

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Komanda alisimama, akaishusha kamba yeye mwenyewe, jambo ambalo hakumfanyia hata chifu. "Ku bariyeri ya pili wakikusumbua, uwaonyeshe signature yangu."

Walimsumbua kidogo tu. Walipoiona sahihi, walimrudishia karatasi kwa mikono miwili na kumtakia mtihani mwema. Kule juu, Komanda Gustave aliendelea kupekua mifuko kwa bidii mpya, kwa kuwa ramani ilikuwa bado haijapita.

Jua lilipofika utosini, Carmel alifika kwenye daraja la miti. Shangazi yake, Mama Euphrasie, alikuwa anamsubiri, amekalia mfuko wa chumvi, kamba begani.

"Umechelewa, mutoto yangu. Roho yangu ilikuwa inakimbia."

"Walinipatia examen, Shangazi."

"Na ng'ombe za Papa yako ziko fasi gani?"

Carmel aliikunjua karatasi juu ya goti, akaweka kidole. "Tunazunguka ini, tunafuata utumbo mwembamba mpaka ku apandisi. Zote tisa ziko pale, na moja imezaa."