Wasomaji Aliokwenda Nao Dada

Siku hizi mkutubi anayekwenda kusomea uongozi ng'ambo huhamishiwa kichwani kumbukumbu za mtu wa kwao, na mwenyewe hubaki bila hizo. Dada Rukaiya alichukua zangu zote za wasomaji, maana mimi mfagiaji wa maktaba ndiye niliyewajua.

Leo bibi mmoja asiyeona aliingia, akanishika mkono. "Mjukuu wangu, tuliishia wapi?"

Sikumjua. Nikampigia dada simu, nikaweka spika, bibi akarudia swali lake.

"Bi Mwanahawa! Tuliishia pale mke mdogo anafunga virago," dada alisema akicheka. "Na ule ugoro ulioniahidi kuacha?"

"Mchokozi wewe!" bibi akacheka. "Hebu nisomee."

Bibi akauachia mkono wangu, akaikumbatia simu. Nilisimama na ufagio nikisikiliza, nisijue kama zamani bibi alicheka vile na mimi.