Kijidudu Kiitwacho Mashavu

Siku hizi kidonda kikishika usugu hospitalini, mashine hukisoma kijidudu, ikajua kimetoka mkononi mwa nani, nacho hupewa jina la mtu huyo. Jina la kwanza tu, ili kumsitiri.

Mashavu alikuwa akiwamiminia wageni chai, maana nyumba yake haikosi watu, Rukia alipoingia analia. Mama yake, Mwanaidi, shoga wa Mashavu tangu utotoni, kidonda chake cha upasuaji kimekataa dawa zote.

“Kijidudu chake kinaitwa Mashavu,” Rukia akasema.

Sebule ikalipuka.

“Ni yule Mashavu mwingine, muuza bagia! Hanawi hata akitoka chooni!”

“Si alikwenda kumtazama juzi? Mshenzi mkubwa!”

Mashavu mwenye nyumba aliendelea kumimina chai. Siku ile naye alikuwepo wodini; muuguzi alipogeuka, yeye ndiye aliyevua glavu. “Shoga yangu nimguse kwa mpira kama namwosha maiti?” alimnong'oneza Mwanaidi, wakacheka, akamweka sawa bandeji kwa mkono mtupu.

“We Mashavu wetu, mbona umenyamaza?” jirani akamuuliza. “Si ulikuwepo? Huyo wa bagia alivaa glavu?”

Wote wakamgeukia. Rukia akafuta machozi, akamtazama.

“Alivua,” Mashavu akasema. “Nilimwona kwa macho yangu.”

Rukia akamkumbatia kwa nguvu. “Vaa baibui twende, mama mdogo. Mama hataki mtu mwingine. Anakuulizia wewe tu.”