Toleo la Nane

"Hapana," ilisema barua pepe. Neno moja, nukta, na chini yake herufi mbili za saini. Hiyo ilikuwa mara ya sita.

Profesa aliisoma kwa sauti, labda kuta za chumba zingemwonea huruma. Jina hilo la Profesa alibandikwa na dada zake, na hawakumpa kwa kumsifu. Alikuwa na miaka thelathini na moja, anaishi kwa mama yake, yuko kwenye kazi ya majaribio katika kampuni ya simu za mtandaoni, na kwa maelezo yake mwenyewe, kuanzia kitandani kwake hadi getini hapakuwa na mtu wa kumfikia kwa akili.

Kampuni ilikuwa na tatizo la aibu. Bibi mmoja aliyekuwa akimweleza daktari habari za vidonda vyake alijikuta anamweleza muuza matairi, naye muuza matairi, mtu wa biashara, akamuuliza anataka ya saizi gani. Kosa lilikuwa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo endeshi, pale kompyuta inapoamua kila ujumbe unaoingia uende kwenye soketi ipi, yaani tundu lipi la kupokelea. Soketi nyingi zilikuwa zikingoja kwenye mlango mmoja. Baadhi zilishaunganishwa na mtu wao, nyingine zilipokea yeyote. Kiini kilitakiwa kumpeleka mtu kwa mwenzake. Chenyewe kikawa kinamtupa popote.

Mkuu wa kazi alishampigia simu, kwa upole ule wa kutisha. "Ijumaa saa kumi na moja jioni. Kiraka chako cha kurekebisha kosa hili kikikubaliwa, tunakuajiri. Kisipokubaliwa, basi, tutakukumbuka kwa mema."

Tatizo ni kwamba kiini kile kilikuwa mali ya dunia nzima, na hakuna kiraka kilichoingia bila kupitishwa na mkaguzi wa sehemu ile, mtu wa kujitolea, asiyelipwa hata senti, ambaye Profesa hakuwahi kumwona. Alimwita Bwana Hapana. Siku zake mbaya alimwita majina mengine.

Na leo ndiyo Ijumaa yenyewe. Saa saba mchana alitoka kwenda mezani, uso umemvimba kwa hasira.

"Mama, yule mzee ana wivu tu. Anaona kijana anapanda, roho inamuuma. Mtu wa namna hiyo hata mke hana."

"Labda kweli mke hana," alisema mama, akimsogezea sahani. "Hicho kiraka kinashindwa wakati gani?"

Mama alikuwa amestaafu shirika la simu baada ya miaka thelathini na minne. Tangu hapo kazi yake, kwa kadiri mwanawe alivyojua, ilikuwa kumwagilia maua na kujibu barua za kikundi chake. Kikundi cha nini, Profesa hakuwahi kuuliza. Alikisia ni cha kufuma vitambaa.

Alishusha pumzi, kama wanavyofanya wataalamu wakiulizwa na watu wa kawaida. "Soketi zikiwa chache kinafanya kazi vizuri sana. Zikizidi mia moja ishirini na nane, kinavurugika. Lakini haya mambo ni mazito, Mama."

"Haya. Sisi zamani ubao wa simu ukijaa, tulihamia ubao mkubwa. Kitu cha kwanza kuhamisha ilikuwa orodha ya walio kwenye mazungumzo. Ukiisahau, ubao mpya unadhani wote wako huru."

"Mama, siku hizi hakuna mbao."

"Sawa, baba. Kula." Mama aliinuka na kikombe chake. "Mimi narudi kwenye kikundi changu. Kuna mbishi mmoja kule, wiki ya tatu sasa ananimalizia macho."

Wazo lilimjia Profesa lenyewe, kama yanavyowajia watu wenye vipaji: dakika tano baada ya mama yake kulisema. Kundi la soketi likijaa, kiini huhamia jedwali kubwa zaidi, na katika kuhama kinaiacha nyuma ile alama ya kusema humu wamo waliokwisha kuunganishwa. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa programu. Aliuandika, akauzungushia sentensi tatu kuhusu utafiti wake wa kina, akatuma toleo la saba.

Jibu lilikuja saa tisa na robo. "Mstari ni sahihi. Jaribio la kuthibitisha liko wapi? Na hizo sentensi tatu za kujisifu, zitoe."

Profesa aliandika tusi refu, lenye vituo na mpangilio mzuri, kisha akalifuta. Aliogopa. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi aliogopa kweli, maana aliona mtu mwingine amekalia kiti chake ofisini, na dada zake wanamwita Profesa mbele ya wageni maisha yake yote. Alizitoa zile sentensi. Akaandika jaribio: soketi mia mbili, jumbe elfu kumi, kila mmoja ufike kwa mwenyewe. Jumbe zote zilifika. Saa kumi na nusu alituma toleo la nane, akakaa anaikodolea macho saa ya ukutani.

Saa kumi na dakika hamsini na mbili barua iliingia. Safari hii Bwana Hapana hakumjibu kwenye barua za kikundi, mbele ya watu wote, kama kawaida yake. Alimwandikia yeye peke yake.

"Kimepita," ilisema. "Mpigie mkuu wako umwambie. Halafu toka huko chumbani uje unywe chai. Sikukubeba miezi tisa tumboni ili uje kufa njaa kwa ajili ya soketi."