Lebo Ndani ya Koti

Verna alikuwa akimvalisha mtoto koti jekundu, maana theluji ya kwanza ilishaufunika mji wa Winnipeg, vidole vyake vilipogusa kitu ndani ya mkono wa koti. Ilikuwa lebo ya bei. Wiki tatu za kusuguliwa zilikuwa zimeilainisha kama kitambaa.

"Jamani! Ngoja nilete mkasi."

"Usikate, anti! Ukikata, dukani hawatakurudishia hela."

"Wanirudishie hela? Kwani nani analirudisha koti?"

"Kule nilikokaa kabla ya kwako, yule mama wa ustawi wa jamii alipokwisha kuziona nguo, tulizirudisha zote dukani." Mtoto akanyoosha mikono. "Tazama, sijalichafua hata kidogo."

Matusi yalimjaa Verna mdomoni, akayameza. Hela ile ya nguo serikali huwapa wanaolea watoto wa wenzao, na yeye aliongeza yake juu ili apate koti zito.

"Sikiliza, mama. Hela ile ilikuja kwa ajili yako. Likichafuka nitalifua, likichanika tutalishona." Akaleta mkasi, akamwekea kiganjani. "Kata mwenyewe."

Nje, basi la shule likapiga honi. Mtoto hakuwa na haraka. Alikata uzi, akaigeuzageuza lebo, akaitupa kwenye pipa la taka.

Kisha, huku amemkazia Verna macho, akajifuta kamasi kwa mkono wa koti jipya, taratibu, kuanzia kiwikoni hadi kwenye kifundo cha mkono.